Aliyeitika Jina Zito

Anayetaka kuuona upumbavu uliovaa sare safi na aje wodi yetu ya watoto wiki ya wakaguzi. Mimi Wartini nimeuguza watoto hapa Klaten, kwetu Java, miaka kumi na minne, na kila ukaguzi ukikaribia huona mapya. Ukuta hupakwa rangi juu ya unyevu. Samaki hurudishwa kwenye tangi. Saa ya ukutani iliyokufa zamani huwekewa betri. Na Bu Hartati, yaani Mama Hartati, matroni wetu, hutembea na faili kifuani utadhani amepakata kichanga, ila vichanga vyenyewe hajavipakata tangu apate shahada yake ya pili.

Mwaka huo wakaguzi waliangukia katikati ya Ramadhani. Ramadhani kwetu ni mwezi wa taabu kwa wanaoishi kwa damu za watu. Aliyefunga hatoi damu, na benki ya damu hubaki na makabati ya barafu tupu. Tuna watoto ishirini na watatu wenye thalasemia, ugonjwa wa kurithi ambao mwili haujui kutengeneza damu ya kufaa. Kila wiki nne hulazwa nusu siku, wakaongezewa ya wengine, na hivyo ndivyo watakavyoishi mpaka mwisho.

Mmoja wao alikuwa binti wa miaka tisa ambaye kwenye makaratasi aliitwa Kusumaningrum Maharani Cakrawati. Baba yake, Jumadi, anaendesha lori la saruji. Mama yake, Yuliasih, yuko Taiwan anamwogesha mzee wa watu. Nusu ya nyumba yao ni sakafu ya udongo, na ndani ya nyumba hiyo ndimo walimokaa wakaona mtoto aitwe ua, malkia na mtawala wa dunia kwa mpigo mmoja. Niliwadharau tangu siku ya kwanza, sifichi. Wazee wetu wa Kijava husema jina likimzidi mtoto uzito humwangusha akawa mgonjwa kila siku. Mimi siamini hayo, lakini nilikuwa nikiwatania wenzangu kwamba kama lipo jina la kumvunja mtoto mgongo, basi ndilo lile.

Aliyekuwa akimleta ni bibi yake, Mbah Sadikem, muuza tempe, yale mabonge ya soya iliyochachushwa, mwenye miaka sabini na tatu, meno manne na kichwa kigumu kuliko kinu. Nilipigana naye miaka sita. Alikuwa akimkwaruza mtoto mgongo kwa sarafu hadi ngozi inatoka michirizi myekundu, ati anatoa upepo.

"Mbah, hii ni ngozi au mbuzi ya kukunia nazi?" nilimwuliza siku moja.

"Upepo lazima utoke, Sista."

"Upepo uko kichwani mwako, sio mgongoni kwake."

Alicheka na meno yake manne, akanipa tempe iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Ndivyo alivyokuwa. Ukimtukana anakulisha, kisha kesho anafanya lile lile ulilomkataza. Nilikula tempe yake na nikaendelea kumdharau.

Jumanne hiyo walifika saa tatu asubuhi, mtoto amechelewa siku tisa kwa sababu damu ya kundi lake haikuwepo. Midomo ilikuwa na rangi ya karatasi. Tulipompima wingi wa damu alikuwa na nne nukta sita, na mtoto mzima anatakiwa awe na kumi na mbili au karibu na hapo. Amelala kitandani bila kufanya lolote, lakini moyo unapiga mbio kama wa mtu anayepanda ngazi. Nilijua maana yake. "Moyo wa namna hii hauna siku za kungoja," nikamwambia bibi yake.

Kwa bahati Jumadi alikuwa amewabembeleza madereva wenzake wakatoa damu baada ya futari, ikapatikana chupa moja. Ililetwa kutoka benki ya damu ya mjini saa nne kasoro dakika tano, jina refu la mtoto limebanwa kwenye lebo. Damu ikishatoka kwenye barafu ina dakika thelathini. Zikipita hujaitundika, inamwagwa. Hakuna kuirudisha, hakuna kuomba radhi.

Sheria ya wodi ni hii: wauguzi wawili wanasimama kando ya kitanda, mmoja anamwuliza mgonjwa jina lake na tarehe ya kuzaliwa, na mgonjwa ajibu kwa mdomo wake; mtoto akiitwa na mzazi jina lote akaitika, hilo nalo ni jibu. Jibu lake, utepe wa mkononi na lebo ya damu vikubaliane. Kwa kawaida huwa nasimama na muuguzi mwenzangu tukaimaliza kwa nusu dakika. Siku hiyo Bu Hartati alitaka kusimama yeye, kwa sababu wakaguzi walikuwa ghorofa ya chini na wangeweza kutokea wakati wowote.

"Haya mrembo," nikasema, "jina lako nani?"

"Tukinah."

Nikacheka. "Tukinah wa wapi tena? Sema jina lako, damu inapata joto."

"Tukinah, Sista."

"Tarehe ya kuzaliwa?"

Akaitaja sawasawa. Bu Hartati akashusha miwani puani, akasoma lebo, akasoma utepe, akamtazama mtoto. "Lebo inasema Kusumaningrum. Huyu ni nani?"

"Ndiye yeye, Bu. Anatania tu."

"Hatanii," akasema Mbah Sadikem kutoka kwenye kigoda chake. "Tumembadilisha jina Jumapili. Tumepika uji mwekundu na mweupe, tumeita majirani, tumesoma dua. Jirani yangu kamchukua kama wake, kakaa naye tangu adhuhuri mpaka magharibi, ndipo tukampokea upya. Sasa ni Tukinah, jina jepesi. Lile la zamani halitajwi. Akilitamka, au akiitwa kwa lile akaitika, ugonjwa utajua bado yupo."

Nikahisi damu yangu mwenyewe inachemka. "Mbah, siku zote za Mungu umeona Jumapili hii? Ungengoja Jumatano ungepungukiwa nini?"

"Jumapili ilikuwa siku yake ya kuzaliwa kwa hesabu ya Kijava. Ningengoja siku thelathini na tano ndipo irudi. Wewe mwenyewe ulisema hana siku za kungoja."

Bu Hartati akafunga kalamu. "Kwa hiyo mgonjwa aliyeandikwa kwenye lebo hii hayupo hapa."

"Yupo, Bu! Si huyu hapa? Mkono huu nimeutoboa mwenyewe zaidi ya mara sabini."

"Kumbukumbu yako si kitambulisho, Wartini. Umesahau ya mwaka juzi?"

Mwaka juzi tulikuwa na wavulana wawili, Bagaskara na Bagaswara, vitanda vya jirani. Nilikuwa nimekesha, nikasema nawajua hawa, nikatundika chupa ya huyu kwa yule. Niligundua baada ya dakika tano mtoto alipoanza kutetemeka. Alipona, lakini alikaa chumba cha wagonjwa mahututi siku sita, na mama yake hakunitazama usoni tena. Sheria ile ililetwa kwa ajili yangu. Kwa hiyo Bu Hartati alikuwa na haki, na hakuna kitu kinachoniudhi kama Bu Hartati akiwa na haki.

Nikapiga simu benki ya damu, nikawaomba wabadilishe lebo. Wakasema leteni kadi ya familia yenye jina jipya. Kadi ya familia inabadilishwa kwa hukumu ya mahakama. Nikampigia daktari. Akasema, "Fuateni utaratibu," na nyuma yake nikasikia redio ya gari lake. Akakata. Daktari wetu amejaliwa maneno mawili, na hayo ndiyo anayoyatumia mwaka mzima.

Zilibaki dakika kumi na saba.

"Bu," nikamwambia matroni kwa sauti ya chini, "mbona hata hospitali yetu ilibadilishwa jina?"

Ni kweli. Mwaka uliotangulia vitanda vilikuwa vitupu, na wakurugenzi wakamwita mzee mmoja mjuzi wa hesabu za siku. Mzee akazunguka majengo, akanusanusa, akasema jina lililokuwepo ni zito mno, haliwezi kubebwa na ardhi hii. Wakalifuta. Uji mwekundu na mweupe ukagawiwa kila wodi, na Bu Hartati mwenyewe alikula bakuli mbili.

"Ule ulikuwa mkakati wa kitaasisi," akajibu bila kupepesa.

"Uji ulikuwa mkakati?"

"Usinitanie mbele ya wagonjwa."

Nyani haoni kundule. Wenye shahada wakipika uji ni mkakati, muuza tempe akipika uji ni ujinga. Lakini sitajitia mwema: mimi niliwacheka wote wawili, na yule bibi nilimcheka zaidi, kwa kuwa alikuwa karibu na hakuwa na cheo cha kunifanya kitu.

Bu Hartati akainama kwa mtoto. Akavaa ile sauti yake ya asali anayoiwekea wakaguzi. "Mwanangu, lile jina litamke mara moja tu. Mara moja. Halafu utaitwa unavyotaka mpaka uolewe."

"Na wewe mama," akasema Mbah Sadikem, "ukiambiwa meza sumu mara moja tu, halafu utakula unachotaka mpaka ufe?"

"Bibi, unamuua mjukuu wako."

"Nani anamuua? Damu hiyo hapo. Mkono huo hapo. Aliyekataa kuvikutanisha si mimi."

Nikachuchumaa kando ya kitanda. Nikamshika mtoto mkono, ulikuwa baridi. "Nisikilize. Usipopata hii damu, moyo wako utachoka leo au kesho. Unanielewa?"

"Naelewa, Sista."

"Basi sema."

Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimshuka mpaka masikioni kwa sababu amelala chali. "Nikilisema itarudi. Mbah amefunga siku saba mchana na usiku kwa ajili yangu. Hakula hata futari, ni maji tu."

Nikamgeukia bibi. Kweli alikuwa amekonda na sikuwa nimemwona. Siku saba, kizee kama yule, kwa maji matupu. Ningesikia huruma, lakini nilichosikia ni hasira, maana mtu anayejitesa kwa upuuzi hukufanya wewe mwenye akili uonekane huna moyo.

Dakika kumi na moja.

Hapo ndipo nilipopata akili yangu ya shetani. Nilikuwa na namba ya Yuliasih, mama wa mtoto. Kila mwezi hunitumia ujumbe kutoka Taiwan: Sista, damu imeingia vizuri? Nikajua bibi hajamwambia habari za jina. Yuliasih ni msichana wa kileo, angecheka. Nikatoka kwenye korido nikampigia simu ya video.

"Sista Wartini! Kuna nini? Mwanangu yuko salama?"

"Yuko salama, anaogopa sindano tu leo. Mwite, asikie sauti yako. Mwite kwa jina lake lote kama unavyomwita ukiwa na furaha."

"Mh, leo anaogopa sindano? Haya, mpelekee simu."

Nikarudi ndani nikiificha simu mgongoni. Nikasimama upande wa kichwa cha kitanda, mahali mtoto asiponiona, nikamkonyeza Bu Hartati. Akaelewa upesi. Kwa mambo hayo ni mwepesi. Akafungua kalamu. Nikaongeza sauti ya simu mpaka mwisho.

"Kusumaningrum Maharani Cakrawati!" Yuliasih akaita, kwa ile sauti ya kuimba. "Malkia wa mama uko wapi?"

"Abee, mama!"

Ilimtoka kabla hajajua. Uso wote uliwaka. Alikuwa hajamsikia mama yake wiki mbili. Kisha nikaona anafahamu. Akajifunika mdomo kwa mikono yote miwili, ule uliokwisha kuwekwa sindano na ule mwingine, kana kwamba neno linaweza kushikwa likarudishwa.

"Ameitika," akasema Bu Hartati, akaandika. "Mashahidi wawili. Saa nne na dakika kumi na nane."

Nikatundika damu. Ikaanza kushuka tone baada ya tone, na nikaisimamia dakika kumi na tano za mwanzo kama inavyotakiwa, nikapima joto, nikapima mapigo. Kila kitu sawa. Yuliasih bado alikuwa kwenye simu akiuliza mbona mtoto analia, nikamwambia ni furaha. Nilijiona mshindi. Nasema kweli yangu: nilijisikia vizuri kuliko siku yoyote mwezi huo. Ujinga wa miaka elfu nimeupiga chini kwa simu, bila kuvunja kanuni hata moja.

Wakaguzi hawakupanda juu. Walikula muda wao wote jikoni wakihesabu vifuniko vya mapipa.

Niliporudi kuangalia mrija, Mbah Sadikem alikuwa amesimama. Sikutegemea anikaribishe kwa shukrani, lakini nilitegemea kelele, na kelele nilikuwa nimejiandaa nazo. Hakupiga kelele. Alikuwa amejifunga mtandio wake kiunoni kama mtu anayetaka kunyanyua gunia.

"Sista, umeliita. Limeitikiwa. Haliwezi kukaa hewani," akasema. "Sasa niite mimi."

"Nikuite nini?"

"Jina lile. Mara tatu. Mimi niitike mara tatu, yeye mara moja. Litanifuata mimi."

"Mbah, nina wagonjwa kumi na wanane."

"Mimi singekusumbua. Ingekuwa naweza kujiita mwenyewe ningejiita. Lazima aite yule aliyeliita."

"Aliyeliita ni mama yake."

"Mama yake aliita mwanawe. Aliyeliita jina ni wewe."

"Mbah, usiitike!" mtoto akapiga kelele kutoka kitandani. Akataka kuinuka, nikamzuia kwa sababu ya mrija. "Sista usimwite! Sista, tafadhali!"

Nilikuwa nimechoka, nimefunga, kiu imenibana koo, na akina mama wa wodi nzima walikuwa wamegeuka kututazama. Nikasema moyoni, wape watu hawa mchezo wao waniache nifanye kazi. Nikaliita. Nililiita haraka haraka, kama karani anavyoita namba za foleni, mara tatu, nikiangalia saa.

"Abee," akajibu mara ya kwanza. "Abee." Na ya tatu akainamisha kichwa, akasema polepole, "Abee, nimekuja."

Mama mmoja kitanda cha pili akacheka. "Malkia wa tempe!" akasema, na wengine wakacheka, na mimi nikacheka nao. Mtoto alikuwa amegeukia ukutani. Mchana damu ilipokwisha midomo yake ilikuwa imerudi rangi, na wakaondoka bila kuniaga. Tempe sikupewa.

Basi Idi ikapita. Mitaa ikarudi kazini, watu wakaanza tena kutoa damu, na wakaguzi wakatuletea cheti ambacho Bu Hartati alikitundika karibu na tangi la samaki. Samaki walikuwa wamekwisha kufa. Wiki nne zilipotimia mtoto akaja, na aliyemleta safari hii alikuwa baba yake.

Jumadi alikuwa na karatasi ya mahakama na kadi mpya ya familia. Alikuwa ameacha safari mbili za lori kuishughulikia. Jina: Tukinah. Nikachukua utepe mpya, nikamwendea mtoto na tabasamu langu la kazini.

"Haya, leo hakuna ugomvi. Jina lako nani?"

Akanitazama na asinijibu. Akamgeukia muuguzi mwenzangu aliyekuwa amesimama upande wa pili. "Tukinah," akamwambia yule, kwa sauti kubwa. Tarehe pia akamwambia yule. Ikabidi tubadilishane nafasi ndipo damu itundikwe.

"Umeninunia?" nikamwuliza baadaye, nikimrekebisha mto. "Mbah yuko wapi, anauza tempe?"

"Anaumwa," akasema. "Hawezi kulala chini, analala amekaa. Miguu imevimba. Wewe ndiye uliyemwita. Kamwambie aache."

Nimesoma uuguzi miaka minne. Najua kizee wa miaka sabini na tatu aliyefunga siku saba kwa maji, akaendelea na mfungo mpaka Idi, akabeba tempe sokoni kila alfajiri, moyo wake huchoka. Hakuna jina lolote linalohitajika hapo. Nilijiambia hivyo wakati nikivua sare, na nilijiambia hivyo njia nzima nikiwa nyuma ya lori la saruji la Jumadi na pikipiki yangu.

Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mianzi, ameegemea magunia mawili ya soya. Nilipomwona tu nilijua. Miguu ilikuwa imejaa maji mpaka magotini, na mshipa wa shingo ulikuwa umesimama. Alikuwa akipumua kwa mabega. Dawa za kumtoa maji zipo, si za ajabu, tunazo hospitalini kwetu. Siku tatu nne za kulazwa, pengine wiki, akarudi kwake.

"Mbah Sadikem," nikamwita.

Hakugeuka.

"Mbah Sadikem, ni mimi, Sista Wartini."

"Jina hilo haliitiki, Sista," Jumadi akasema nyuma yangu. Dereva mzima, mabega kama mlango, alikuwa akiongea kama anayeomba radhi. "Tangu siku ile. Sokoni wenzake wanamwita mpaka wanachoka. Hata swala akimaliza nikimwita 'mama' hutazama kwanza nani anaita."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, mahali anaponiona. "Sikiliza. Moyo wako umechoka. Lazima twende hospitali sasa hivi. Jumadi ana gari, mimi nitafuata nyuma, nitakuingiza mwenyewe."

"Siendi," akasema. Kila neno lilikuwa na pumzi yake. "Huko kwenu mna hila."

"Hakuna hila, Mbah. Watu wazima hawaulizwi vile. Mwanao atakuandikisha."

"Mtaandika Sadikem. Mtanifunga Sadikem mkononi. Usiku nikisinzia atakuja msichana mmoja na kipimo chake, ataniita kwa jina hilo, na mimi ni mzee, nimelijibu miaka sabini na tatu. Nitaitika. Nikiitika, hili lingine nitakuwa nimelitua. Litakwenda kwa nani?"

Tukinah alikuwa amesimama mlangoni na plasta bado mkononi, mashavu yake yana rangi ya mtoto mzima.

"Nakuapia kwa Mungu," nikasema. "Nitawaambia wote. Nitaandika juu ya kitanda. Hakuna atakayekuita."

"Siku ile hukumwita kwa ubaya. Ulimwita kwa sauti ya mama yake."

"Nitakaa na wewe mwenyewe. Nitakesha. Nitawazuia."

"Na wewe nani atakuzuia?"

Miaka kumi na minne nimekuwa na majibu kwa akina mama wenye majani, akina baba wenye hirizi, na vizee vyenye sarafu. Nilimdharau huyu kuliko wote, na sasa kitu pekee nilichotaka duniani ni aniamini kwa muda wa kufika barabarani. Tukinah akaja akaketi miguuni pake akaanza kumkanda ile miguu iliyovimba, na kila alipobonyeza kidole kiliacha shimo.

Nikasimama. Nikakunja mikono mbele kama mtoto anayesimama mbele ya mwalimu, nikaliita lile jina lote, polepole, bila kuruka hata silabi moja. "Kusumaningrum Maharani Cakrawati."

"Abee," akaitika mara moja.

"Twende hospitali. Nakuomba."

"Hapana."

Akanitazama vile nilivyokuwa nikimtazama yeye kwa miaka sita, kisha akageukia ukuta.